Tumbo la Nguzo

Roma, 18 Oktoba 1998

Kwako kaka Bedan,

Nilifika Jumanne. Sanduku langu lilifika Alhamisi. Wamenipa chumba ghorofa ya pili, kitanda, meza ya kuchorea yenye urefu wa futi sita (nimeipima kwa sababu najua utauliza) na dirisha linalotazama ukuta wa matofali ambao wanasema umesimama pale miaka elfu moja na mia saba. Tuko kumi na wanne katika nyumba hii. Tunalala hapa na tunakula hapa. Saa saba kamili kengele inalia, na ukichelewa unakuta supu imeondolewa. Kazi tuliyofadhiliwa kuifanya ni moja: kuyapima majengo ya kale, kuyachora na kuyaelewa. Mwezi wa tatu kuna kamati. Inachagua watatu wa kuongezewa mwaka wa pili, na mwaka wa pili ndio wenye shahada. Wengine tutarudi na barua ya kusema tulikuwa hapa.

Michoro ya ile ofisi ya zamani ya kampuni ya mifugo pale Kajiado, ile iliyonipatia nafasi hii, imebandikwa ukutani pamoja na ya wenzangu. Profesa wetu, mama mfupi anayevaa viatu vya mvua hata jua likiwaka, alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Akauliza kama ni kweli Kenya kuna nguzo za namna hiyo. Nikamwambia ziko nne, na kwamba marehemu baba yetu ndiye aliyezichonga mwaka wa 1951, akiwa na miaka ishirini, chini ya msimamizi Mtaliano aliyekuwa mfungwa wa vita akabaki. Aliandika.

Asante kwa vipimo. Ile wiki niliyolazwa na taifodi, bila wewe na ngazi yako nisingetuma chochote.

Msalimu mama.

Dada yako,
Nyawira

*

Kitengela, 9 Novemba 1998

Nyawira,

Barua nimepata. Mimi niko. Mama yuko, goti linamsumbua upande wa kushoto peke yake.

Ile nakala ya michoro uliyoniachia nimeitia fremu, iko hapa ofisini. Ofisi ni kontena lakini ni ofisi. Wateja wakija wanatazama, wanasifu, halafu wanainama kusoma pale chini kwa pembe: Imepimwa na kuchorwa na Nyawira Muthama. Kuchorwa, sawa. Imepimwa na nani? Nguzo nne, kila nguzo mahali pane, hiyo ni mara kumi na sita juu ya ngazi. Siku mbili mafundi wangu watatu walikaa bure Kitengela wakicheza drafti. Mimi ni mtu wa darasa la sita, najua, na hakuna mtu alinifadhili hata kalamu. Lakini kamba ilikuwa yangu na hesabu ilikuwa yangu. Ungeandika majina mawili karatasi haingepasuka.

Sikuandikii ili tugombane. Naandika ujue niliona.

Huku mjengo ni mwingi. Watu wanahama Nairobi wanakuja kununua ploti hapa, kila mmoja anataka nyumba iishe kabla ya shule kufunguliwa. Na kule Kajiado, Hilowle, yule mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye duka karibu na stesheni, ameniita tuongee kazi. Nitaona.

Kula vizuri.

Ni mimi,
Bedan

*

Roma, 12 Januari 1999

Kwako kaka Bedan,

Kuhusu jina, una haki. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja na sikuuliza kama naweza kuongeza. Sina la kujitetea zaidi ya hilo.

Sasa nina jambo. Wiki jana profesa alitupeleka kwenye hekalu dogo karibu na mto. Akatoa kamba. Mwenzangu mmoja akaishika chini ya nguzo, mwingine akapanda akaishika juu. Kamba haikulala. Katikati jiwe liliisukuma nje. Nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Unakumbuka watoto wa stesheni walivyotuimbia tukienda kuteka maji, wakizicheka nguzo za baba? Muthama wa Tumbo, Muthama wa Tumbo.

Bedan, wanalifanya makusudi. Nguzo iliyonyooka kabisa ukiitazama kwa mbali inaonekana imebonyea kiunoni. Kwa hiyo mafundi wa zamani waliinenepesha kidogo kwenye theluthi ya chini, kisha wakaipunguza kwenda juu. Wamefanya hivyo miaka elfu mbili. Huyo Mtaliano wa baba lazima alijua.

Lakini vipimo ulivyonipa havina tumbo. Chini inchi ishirini na nne, juu ishirini, na kati ya hapo kila futi inapungua theluthi moja ya inchi, bila kukosea, nguzo zote. Profesa ameona. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu kama nilipima kwa mkono, akasema jiwe halina adabu ya namna hiyo, namba kama hizo huzaliwa mezani.

Tafadhali nenda upime tena. Piga na picha, kamba ikiwa imeshikwa chini na juu. Kamati inakaa Ijumaa tarehe 26 Machi. Nikiwa na picha hiyo, nina kitu ambacho hakuna mwingine anacho hapa. Nikikosa, watasema nilitunga.

Dada yako,
Nyawira

*

Kitengela, 6 Februari 1999

Nyawira,

Nilipima nilichopima. Mwambie profesa wako kwamba huku kwetu mawe yanatii.

Picha haitawezekana. Kamera ya fundi wangu Musila ilianguka ndani ya karai la simiti. Tena usinitume Kajiado kila mara kama mtu asiye na kazi, niko na nyumba sita zinaningoja, na moja ya mwalimu ambaye anahesabu mawe kila jioni kama vifaranga.

Huko wamekupa meza, kitanda na supu. Wewe chora. Tumia zile zilizoko huko, si mmezungukwa na nguzo?

Mama ni mzima.

Bedan

*

Kajiado, 27 Februari 1999

Nyawira mwanangu,

Anayeandika ni Safiyo, binti ya Hilowle, hapa dukani kwao, kwa sababu macho yangu na karatasi wameachana. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike yote.

Umeniuliza kama naweza kumtafuta mpiga picha aende pale kwa ofisi ya kampuni. Mwanangu, ofisi gani? Bedan hakukuambia? Ilishuka kabla ya Krismasi. Hilowle alinunua ploti, anataka kujenga maduka, akampa ndugu yako kazi ya kubomoa na kujenga. Mabati na kuta walibomoa wale vijana wake. Nguzo hakutaka mtu mwingine azishike. Aliziangusha yeye mwenyewe, siku nne, kila siku moja. Siku ya kwanza nilienda kutazama. Siku ya pili sikuenda.

Safiyo anasema hataki kuandika hapa kwa sababu babake ndiye mwenye ploti. Nimemwambia andika mama, baba yako hana kosa, alinunua mahali na akalipa. Yeye hata aliuliza kama nataka kitu, na Bedan akaniletea kipande kimoja cha nguzo, nakikalia nikichambua mboga. Vingine viliingia kwa msingi wa maduka, na vingine lori lilivipeleka Bisil, vimezungushwa kwa birika la ng'ombe sokoni.

Ninayemwaza ni Bedan. Anakuja Jumapili, anakula, anaangalia nje, anaenda. Nikimuuliza anasema ni kazi.

Kuku wanataga. Ile mbao ndefu ya baba yako bado inashika upande wa chini wa banda, ingawa imepinda na jua na imeacha pengo, vifaranga wanatoa vichwa hapo kama watu kwa dirisha. Nimemwambia Bedan alete nyingine. Bado.

Vaa soksi.

Mimi mama yako,
Mugure

*

Roma, 29 Machi 1999

Bedan,

Mama ameniambia. Usimwendee na maneno, hakujua kwamba ni siri.

Kamati ilikaa Ijumaa. Walikuwa watatu, na jagi la maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Wakauliza nani alipima nguzo za Kajiado. Nikasema ni mimi. Wakauliza kwa nini zinapungua sawasawa hivyo. Nikasema nilizinyoosha mwenyewe nilipokuwa nachora. Wakauliza kama wanaweza kumwandikia mtu aliye Kenya aende akathibitishe. Nikasema jengo halipo tena. Yule wa katikati akafunga faili polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Profesa alikuwa anatazama viatu vyake.

Ulitaka jina lako liwe pale kwenye pembe. Siku hiyo nilishukuru kwamba halikuwepo.

Sina mwaka wa pili. Wameniruhusu kumaliza huu, chumba ni changu hadi mwisho wa Septemba. Kengele ikilia nashuka, nakula, napanda. Nimechora ukuta ulio nje ya dirisha, tofali kwa tofali, mistari mia mbili na kumi na moja. Hakuna aliyenituma. Silii, kama utauliza. Nangoja nilie lakini hakuji kitu.

Nataka kujua jambo moja tu. Lilikuwepo?

Nyawira

*

Kitengela, 14 Aprili 1999

Nyawira,

Lilikuwepo.

Nilizungusha kamba kwa kila nguzo mahali pane, nikageuza kuwa upana kwa kuzidisha saba na kugawanya ishirini na mbili kama tulivyofunzwa darasa la sita, mwaka wangu wa mwisho. Chini kabisa, kamba inchi 75 na nusu, upana 24. Futi ya nne, kamba 77, upana 24 na nusu. Futi ya nane, kamba 72 na robo, upana 23. Juu, futi ya kumi na mbili, kamba 63, upana 20. Nguzo zote nne hivyo hivyo, tofauti yao haifiki unene wa msumari. Hizo ndizo namba. Nimeziweka hapa mwanzo ili hata ukichana barua uwe umezisoma.

Sasa sababu. Wewe ulizaliwa 1974, ulikuta wimbo tu. Mimi nilihadithiwa na baba mwenyewe, mara moja, na hakurudia. Mtaliano aliugua akapelekwa Nairobi wiki mbili kabla ya kazi kukabidhiwa, hakurudi. Meneja wa kampuni alikuja na kamba. Alishika chini, karani akashika juu, jiwe likaisukuma. Akawaita wafanyakazi wote wasimame. Akamwambia baba aangalie. Baba akasema, ndivyo nilivyoambiwa nifanye. Meneja akamuuliza, na nani? Na hapo hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Alifukuzwa siku hiyo. Kajiado hakuna mtu alimpa tena ukuta wa kujenga. Alienda Kiserian kuvunja mawe kwenye timbo, miaka ishirini na mitatu, mafundi wengine wajenge nayo. Mimi nilitolewa shule nikamfuata huko. Kila mtu aliyenifunza kazi alijua mimi ni mtoto wa nani, na kila mmoja aliivuta kamba yake kwa ukuta wangu mara mbili. Kwa hivyo mimi nyumba zangu zimenyooka. Uliza yeyote Kitengela.

Uliponituma kupima, nilifika ile futi ya nne, nikasoma 77, nikakaa juu ya ngazi. Nikawaza, hii inaenda Ulaya, Wazungu wengine watashika kamba tena, na safari hii jina la baba litakuwa limeandikwa. Nikamaliza zilizobaki, nikashuka. Nikachukua inchi nne zinazopungua, nikagawanya kwa futi kumi na mbili. Nikamnyoosha mzee kwa penseli. Nilifikiri nimemfanyia vizuri.

Halafu Hilowle akasema mahali pasafishwe. Sitakudanganya, nilifurahi. Niliona hapo ndipo wimbo unaisha. Barua yako ya Januari ilifika mawe yakiwa tayari chini ya zege. Niliisoma mara moja nikaiweka ndani ya kofia ya kazi, sijui kwa nini kofia. Tangu siku hiyo mikono inafanya kazi na mimi siko. Nikakujibu ile barua ya mawe yanatii. Hiyo barua ichome.

Jumapili iliyopita nilienda na ubao mpya wa banda la kuku, mama alikuwa amechoka kuniomba. Nikang'oa ule wa zamani. Ni wa mti wa mtarakwa, futi kumi na mbili kamili. Nikaugeuza. Nyawira, haukupinda na jua. Umekatwa na msumeno. Kuna alama za penseli kila futi mbili na namba za mwandiko ambao si wa baba. Ni kigezo. Mtaliano alimpa baba aweke kando ya jiwe na achonge hadi mwangaza usipite kati yao. Aliuhifadhi miaka thelathini na tano mpaka akafa, na hakutuambia ni nini, na sisi tukaupa kuku.

Nikavuta kamba kwa ule upande wenye pengo. Kwenye futi ya nne pengo ni inchi moja kasoro sehemu moja ya kumi na mbili. Nguzo iko na pande mbili, kwa hivyo mara mbili: inchi moja na sehemu tano za sita. Jumlisha na ile namba yangu ya uongo ya futi ya nne, 22 na theluthi mbili. Fanya mwenyewe. Inakuja 24 na nusu.

Baba hakukosea hata unene wa msumari.

Nimeunga karatasi za mifuko ya simiti kwa gundi, nikalaza ubao juu, nikauchora wote na penseli ya seremala, pamoja na zile alama na zile namba. Iko kwenye bomba la plastiki, nimeituma leo kwa posta. Usiikunje.

Kama bado kuna mtu wa kuambiwa, mwambie ni mimi niliyenyoosha. Taja jina.

Bedan

*

Roma, 30 Mei 1999

Kwako kaka Bedan,

Bomba lilifika Jumatano. Meza haikutosha, nikaikunjua karatasi kwenye ukumbi wa chini, nikaibana na viatu. Wenzangu walikuwa wakipita kando kando ya ukuta. Profesa alikuja akapiga magoti na viatu vyake vya mvua. Alinusa, akauliza harufu ni ya nini, nikasema simiti, na kuku. Akapima. Alipima tena. Akauliza ni nani aliyefanya hii, nikamwambia yote, kuanzia kwa meneja na kamba hadi kwa penseli yako. Nilitaja jina.

Alikaa chini pale sakafuni. Akasema angetaka kuiona miezi miwili mapema. Nafasi ya mwaka wa pili imeshapewa kijana kutoka Ureno, na kamati haikai mara mbili. Nikamwambia najua. Nilikuwa najua kweli, sikuhisi kitu kikianguka.

Ameomba mchoro wako ubaki katika maktaba ya nyumba hii, na kuna fomu. Fomu ina nafasi ya jina moja. Nimeandika Muthama, fundi wa mawe, Kajiado. Chini yake, nje ya mstari, nimeandika Bedan Muthama, mpimaji. Karani alisema nimeharibu fomu. Nikamwambia anipe nyingine niiharibu vilevile. Jina la Mtaliano hatulijui, kwa hiyo sikuandika.

Ndege yangu ni tarehe 2 Oktoba. Mwambie mama ninavaa soksi.

Dada yako,
Nyawira

*

Kajiado, 22 Agosti 1999

Nyawira,

Naandikia hapa kwa duka la Hilowle, Safiyo amenipa kaunta. Anasema mwandiko wangu unaegemea kama ukuta wa serikali.

Maduka yamefika kwenye linta, juu ya milango. Mbele Hilowle anataka baraza watu wakae wakingoja kuuza ng'ombe. Nikamwambia nitamjengea na nguzo nne za mawe, na nitazichonga mimi mwenyewe. Nikamwonyesha ubao. Nikamweleza zitakuwa nene kidogo hapa, na watu watacheka. Akaangalia ubao, akaniangalia. Akasema, "Fundi, mimi nimeuza ng'ombe maisha yangu yote. Hakuna mtu amewahi kucheka mnyama akiwa na tumbo."

Basi nimeanza. Ubao nimeuosha, mavi ya kuku hutoka kwa maji moto na mchanga. Mchana nafanya hii, mafundi wangu wanaendelea Kitengela bila mimi. Sijui kama nafurahi. Mikono inajua, inaenda tu, na saa zinapita. Mama huja na kile kiti chake cha jiwe, kimebebwa na mkokoteni, anakaa mbele anatazama. Kile kipande ni cha futi ya nne. Nimekipima akiwa amekikalia, akanipiga kofi la mkono. Inchi 77.

Nguzo ya kwanza ilisimama juzi. Nzomo, yule fundi wa hapa stesheni, mzee sasa, ambaye alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiimba Muthama wa Tumbo, alipita akasimama. Akatoa kamba yake mfukoni bila kuniuliza. Akanipa mwisho mmoja nishike chini, yeye akapanda ngazi. Jiwe likaisukuma. Watu walikuwa wametoka kwa maduka. Akashuka, akasema taratibu ili wengine wasisikie, kama mtu anayekuhurumia:

"Bedan, iko na tumbo."

Nikampa penseli na kipande cha mfuko wa simiti. Nikamwambia arudi juu, apime, aandike ile namba anayoiona.

Tarehe mbili nitakuwa uwanja wa ndege. Beba futi yako ya kupimia.

Kaka yako,
Bedan